Mbarika ukijeruhiwa huita sisimizi: jinsi ya kuliona hilo mwenyewe

Mibarika, au mibono kama wengine wanavyoiita, inajiotea tu Bukavu, kwenye parseli zisizojengwa na kandokando ya mitaro. Jani lake likitafunwa, mmea hutoa nekta zaidi, yaani maji yake matamu; sisimizi huifuata, na wapo wanaomng'ata kiwavi anayelitafuna. Chagua miwili michanga iliyo karibu, isiyo na vidukari. Hilo la vidukari nalisisitiza: sisimizi hufuata pia maji matamu ya vidukari, na hapo wanamlinda mdudu anayeufyonza mmea.

Hatua ya 1: Tafuta vinundu. Fuata kikonyo cha jani hadi kinapokutana na jani lenyewe. Utaona vinundu vya kijani, vya mviringo, mithili ya vifungo vya shati la mtoto. Hapo ndipo nekta inapotoka, na wala si kwa ajili ya maua. Gusa, inanata. Usionje, na watoto wasitafune mbegu: zina risini, sumu kali.

Hatua ya 2: Wazuie sisimizi, la sivyo watainywa nekta kabla hujaiona. Zungushia kila shina skochi, kisha paka vaselini juu yake. Kata nyasi zote zinazogusa majani; sisimizi hawakosi daraja.

Hatua ya 3: Jioni, pangusa vinundu kwa kitambaa chenye maji. Kwenye mmea mmoja weka viwavi kwenye jani. Ukivikosa, toboatoboa jani kwa sindano na urudie kesho yake, maana kiwavi hali jani kwa mara moja. Mmea wa pili pangusa tu, usiujeruhi.

Hatua ya 4: Asubuhi mbili zinazofuata, linganisha matone. Kwenye mbarika, kama kwenye pamba, jani likitafunwa nekta huongezeka. Ujumbe huo ndani ya mmea hubebwa na asidi ya jasmoni, kemikali ya mmea wenyewe; mwaka 2001 mtafiti Martin Heil na wenzake walilionyesha hilo kwenye Macaranga tanarius, mti wa familia moja na mbarika.

Hatua ya 5: Sasa toa skochi, ukae utazame. Sisimizi wa kwanza hunywa, hushuka, na mara nyingi huacha harufu njiani. Wenzake huifuata hadi kwenye kinundu kilekile. Hapa usiwe na haraka, ndiyo sehemu tamu. Tazama wakikutana na kiwavi: wapo wanaomng'ata hadi adondoke, wapo wanaompita tu. Andika yote mawili.

Mvua ikinyesha usiku, usihesabu matone ya asubuhi hiyo. Pangusa, anza upya.