Amplifaya ya Gari Imegoma: Pima Umeme Kabla ya Kununua Nyingine

Amplifaya ya gari inapozima, wengi huamini kwamba imeungua, ilhali mara nyingi kasoro imo kwenye fyuzi, nyaya au ethi, yaani waya wa hasi unaofungwa kwenye bodi ya gari. Kifaa cha kwanza kuwa nacho ni mita ya umeme, hata ile ya bei ndogo, kwa sababu kubahatisha huishia kununua amplifaya mpya itakayogoma vilevile.

Ikiwa taa ya amplifaya haiwaki kabisa, washa redio, kisha pima voti kwenye sehemu tatu za kufungia nyaya: ile ya chanya inayotoka kwenye betri, ile ya ethi iliyoandikwa GND, na ile ya waya mwembamba iliyoandikwa REM, ambayo hupokea amri ya kuwaka kutoka kwenye redio. Weka ncha nyeusi ya mita kwenye GND ya amplifaya yenyewe, si kwenye bodi ya gari, na ncha nyekundu kwenye chanya. Injini ikiwa imezimwa, betri nzima iliyojaa huonyesha takriban voti 12.6, na injini ikiunguruma hupanda hadi kati ya 13.5 na 14.5. Usipoona kitu, hamishia ncha nyeusi kwenye chuma kitupu cha bodi. Umeme ukionekana hapo, ethi ndiyo mbovu. Ifungue, kwangua rangi mpaka chuma king'ae, kisha uikaze upya kwa boliti, ukitumia waya mfupi wenye unene sawa na ule wa chanya.

Umeme usipoonekana hata hapo, angalia fyuzi iliyo karibu na betri. Ichomoe na kuipima, kwani jicho hudanganywa na fyuzi iliyokatika kwa ndani. Usiibadilishe kwa fyuzi ya ampea kubwa zaidi, wala usizungushie waya kama wafanyavyo baadhi ya watu walio na haraka: fyuzi hiyo ipo kwa ajili ya kuzuia gari lisiwake moto. Fyuzi mpya ya amplifaya ikikatika papo hapo hata baada ya kuchomoa spika zote, na chanya na hasi hazikubadilishana mahali, basi kweli kuna shoti ndani na kazi hiyo ni ya fundi wa elektroniki.

Chanya na ethi zikiwa nzima lakini REM haina voti 12, gusisha kwa muda mfupi kipande cha waya kati ya chanya na REM. Amplifaya ikiwaka, tatizo liko kwenye redio au waya wake. Usiuache waya huo hapo, la sivyo asubuhi betri itakuwa imekwisha.

Taa nyekundu ya ulinzi, inayowaka amplifaya inapojizima ili kujikinga, inahitaji utaratibu mwingine. Chomoa nyaya zote za spika pamoja na za RCA, zile zinazoleta sauti kutoka kwenye redio, kisha washa tena. Ikibaki nyekundu, hitilafu ni ya ndani. Ikitulia, rudisha spika moja moja hadi uipate inayoizima. Spika ya omu 4 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) ikipimwa peke yake husoma kati ya 3 na 4. Ikikaribia sifuri ina shoti, na isiposoma kitu koili imekatika. Kumbuka pia kwamba sabufa mbili za omu 4 zikiunganishwa sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, huwa omu 2, mzigo ambao amplifaya nyingi zilizounganishwa kwa mtindo wa daraja, yaani chaneli mbili zikifanya kazi kama moja, haziuwezi.

Amplifaya inayozima besi inapogonga tu ipimwe muziki ukiwa juu. Betri ikionyesha 14 huku amplifaya ikipata 11, waya ni mwembamba, viungio vimeota kutu, au umeuziwa alumini iliyopakwa shaba. Zote mbili zikishuka pamoja, kagua betri na altaneta.

Mlio unaopanda kadiri unavyokanyaga mafuta hutokana mara nyingi na ethi dhaifu, au na nyaya za RCA zilizolazwa pamoja na waya wa betri. Chomoa RCA kwenye amplifaya: mlio ukikoma, unatoka upande wa redio, kwa hiyo pitisha nyaya hizo upande wa pili wa gari. Ukibaki, rudi kwenye ethi.