Damu ikimtoka mzazi: usomaji wa mwili kabla presha haijashuka

Hii ni kwa wenzangu wanaoanza kazi leba. Ujauzito humwongezea mama damu kwa karibu nusu, kwa hiyo akitokwa na damu baada ya kujifungua huweza kupoteza lita nzima na mashine ya presha bado inasoma vizuri. Presha hiyo mwili unaishikilia kwa nguvu, na nguvu zenyewe zinaonekana.

1. Anza na mapigo. Kwenye ateri za shingo na upinde wa aota kuna vihisi vinavyopima mvutano wa kuta. Damu ikipungua kuta hulegea, na ndani ya sekunde chache ubongo huamuru moyo uende mbio. Hesabu dakika nzima kwa vidole vyako, kisha gawanya mapigo kwa namba ya juu ya presha. Mapigo 112 na presha 110/84 inakupa 1.02. Kuanzia 0.9, ita msaada.

2. Shika mikono na miguu. Mishipa ya ngozi, utumbo na figo hubanwa ili moyo na ubongo visikose damu. Kiganja kikiwa cha baridi chenye jasho, ujue kazi imeanza. Bonyeza ukucha, achia. Wekundu ukichukua zaidi ya sekunde 3 kurudi, ni onyo.

3. Soma namba zote mbili. Mishipa ikibanwa, ya chini hupanda na pengo hupungua. Aliyetoka 120/70 akawa 110/84 wengi humwandikia "presha nzuri". Mimi ananitisha kuliko mwenye 95/60 aliyekuwa hivyo hivyo tangu kliniki.

4. Pima mkojo. Figo zikipungukiwa damu hutoa kimeng'enya kiitwacho renini, kinachozalisha homoni ya angiotensini. Hiyo hubana mishipa zaidi na kuamsha homoni ya aldosteroni ya kuzuia chumvi isipotee, na maji huifuata. Chini ya mililita 30 kwa saa ni onyo. Anayeomba maji kila mara usimpuuze pia.

5. Hemoglobini (kipimo cha wingi wa damu) isikutulize. Maji na chembe za damu hutoka pamoja, hivyo kipimo hushuka baadaye, maji ya kwenye tishu yakishavutwa kuingia mishipani.

Wakati huohuo mikono isikae: sugua mfuko wa uzazi, mpe oksitosini (dawa ya kukaza mfuko wa uzazi), fungua njia mbili za dripu, agiza damu. Asidi ya traneksamiki (dawa ya kusaidia damu iliyoganda isiyeyuke) gramu 1, polepole kwa dakika 10, iingie kabla ya saa 3 kupita tangu ajifungue.