Paka, paka, kitini: jinsi ya kuupeleka wimbo wa progu kwenye okestra

Nimekulia kwenye bendi ya tarumbeta ya kanisa, Moshi, kisha nikafundisha kwaya miaka sita. Siku hizi naishi Leeds, Uingereza, napiga horni kwenye okestra ya ridhaa ya watu 43: wauguzi, walimu, dereva wa basi mmoja, na mzee wa timpani (zile ngoma kubwa za okestra) ambaye sijawahi kumwona akicheka. Mwaka juzi marafiki zangu wanne wenye bendi ya roki ya progresivu (roki ya nyimbo ndefu na mapigo ya kutatanisha), progu kwa wenyewe, waliniomba niutengeneze wimbo wao wa dakika tisa ili tuupige pamoja na okestra. Nilikubali upesi kama mtu aliyeombwa chumvi.

Kosa langu la kwanza lilikuwa la mwalimu wa kwaya: niligawa sauti. Soprano nikawapa fidla, alto fiola, teno selo, na besi nikaipeleka kwa besi kubwa. Tulipojaribu, ulitoka wimbo wa ibada unaopigwa na watu wanaowahi basi. Okestra haigawiwi sauti, inagawiwa kazi. Kabla hujaandika nota hata moja, jiulize wimbo unabebwa na nini. Wetu ulibebwa na kazi nne: kinanda cha chini kinachozunguka bila kupumzika, gitaa linalokata, kodi (nota kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) ndefu za ogani, na mwimbaji. Mengine yote yalikuwa mapambo, na mapambo huja mwisho.

Ila kwanza lazima uunakili, na kunakili ni kwa masikio. Ukiona uvivu, mkumbuke Mholanzi Marco de Goeij. Mwaka 1969 bendi ya roki ya Deep Purple na Royal Philharmonic Orchestra walipiga kazi ya Jon Lord, mpiga kinanda wa bendi hiyo, Concerto for Group and Orchestra, pale Royal Albert Hall, Malcolm Arnold akiongoza. Mwaka 1970 skoa, yaani kitabu chenye nota za ala zote, ikapotea. Miaka mingi baadaye de Goeij akakaa na rekodi, akasikiliza, akaandika upya, na mwaka 1999 kazi ikapigwa tena ukumbini mulemule na London Symphony Orchestra. Yeye alikuwa na okestra nzima ya kunakili, wewe una watu wanne tu. Punguza kasi ya rekodi hadi nusu, anza na besi, kisha mkono wa kushoto wa kinanda, halafu vilivyo juu. Ukianzia kwenye melodia, kama karibu kila mtu anavyofanya, utajaza kodi za kubahatisha chini yake na hutazing'oa tena.

Sasa mapigo. Hapa ndipo progu inapowaumbua watu. Wimbo wetu ulikuwa wa vipigo vidogo saba kwa kila baa (fungu la mapigo kwenye nota, si ya bia), kwa kasi ya vipigo 200 kwa dakika. Saba hazihesabiwi moja hadi saba kwa kasi hiyo, ulimi utafungana. Zinahesabiwa kwa mafungu: mbili, mbili, tatu. Programu yangu ya kuandikia nota iliunganisha mikia ya nota kwa mafungu ya tatu, mbili, mbili, na mimi sikukagua. Mazoezi ya kwanza tulifika baa ya 23. Fiola walisoma walichokiona, mpiga dramu akapiga alichokijua, mwongozaji akashusha kijiti chake na kuniangalia bila kusema neno.

Wakati wa chai niliwasimamisha, nikawaambia waseme nami: pa-ka, pa-ka, ki-ti-ni. Mbili, mbili, tatu. Paka, paka, kitini. Waingereza 40 na ushee wakawa wanasema paka, paka, kitini huku wakipiga makofi kwenye kila mwanzo wa neno, mara tatu kwa baa, fupi, fupi, ndefu. Mwongozaji naye aliongoza hivyohivyo: mikono mitatu, wa mwisho unachelewa kidogo. Baada ya dakika nne walikuwa wanapiga. Kwa tano, sema paka kitini. Kwa nane zenye tatu, tatu, mbili: kitini, kitini, paka. Muhimu ni kwamba mikia ya nota kwenye karatasi ifuate maneno hayohayo, kwenye kila karatasi, bila kubadilika katikati isipokuwa wimbo wenyewe umebadilika.

Ile sehemu ya kinanda inayozunguka usimpe mtu mmoja aipige baa 60. Hata mpiga fiola hodari mkono wake utakakamaa. Mimi niliikata: fiola baa mbili, klarineti baa mbili, na kila anayeingia anaanza kwa nota ileile anayomalizia mwenzake, ili msikilizaji asisikie mshono. Hii tunaijua tangu kwaya: kupokezana pumzi. Fanya hivyohivyo kwa zile kodi ndefu. Ogani haina mapafu, obo anayo. Waandikie kabisa mahali pa kupumua, wa kwanza baa ya tatu, wa pili baa ya tano. Ukiwaachia wajipangie, watapumua wote pamoja kwenye baa ya nne na kodi itatoboka.

Kuna mtego hapa. Rekodi nyingi za zamani za progu, kama zile za Moody Blues na King Crimson, zina kitu kinachosikika kama fidla nyingi kumbe ni Mellotron: kinanda ambacho kila kitufe kinachezesha kipande cha tepu chenye sauti iliyorekodiwa, na tepu huisha baada ya sekunde nane hivi. Kwa hiyo anayenakili husema, "Ah, hizi tayari ni fidla," akawapa fidla halisi nota zilezile. Matokeo yake ni maji ya uvuguvugu. Utamu wa Mellotron ni ule ukwaruzo na ule mtetemo wa tepu; fidla safi hazina. Mimi niliwapa fiola na selo, fidla nikazinyamazisha kabisa, na fluti moja juu bila mtetemo. Ilipendeza kuliko nilivyotarajia.

Gitaa lenye ukwaruzo ni hesabu nyingine. Sikiliza vizuri: mara nyingi halipigi mi. Linapiga do, so, na do ya juu, basi, na ukali wote unatoka kwenye amplifaya. Ukiongeza mi, roki imegeuka kuwa kipaimara. Wape tromboni mbili do na so, selo na besi kubwa do kwa okteva (do ya chini na do ya juu yake), na uandike kwamba kila nota ipigwe kwa kushusha upinde, karibu na shikio, kwa nguvu. Ukishuka chini sana, toa hata so, bakiza okteva tupu, maana huko chini sauti zilizokaribiana hugeuka uji. Usimpe fidla ya kwanza kazi ya gitaa juu kabisa. Najua inavutia. Itasikika kama muziki wa matangazo ya benki.

Je, bendi ipige pamoja na okestra au okestra peke yake? Takashi Yoshimatsu wa Japani aliichukua Tarkus ya Emerson, Lake & Palmer, kazi ya watu watatu tu, akaiandikia okestra nzima bila bendi, ikapigwa Tokyo mwaka 2010. Hiyo ni njia moja, na inahitaji wapigaji wa kulipwa. Jon Lord alichagua nyingine: katika sehemu ya kwanza bendi na okestra wanashindana, huyu anasema, yule anajibu. Kwa okestra ya ridhaa nakushauri njia ya Lord. Bendi ikipiga kwa nguvu, okestra inyamaze. Kushindana na amplifaya ni kuwachosha watu waliotoka kazini.

Na mpiga dramu usimweke nyuma kabisa. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde. Mita 12 zikimtenganisha na fidla, pigo lake litawafikia baada ya sekunde 0.035. Kwenye kasi yetu kipigo kimoja kidogo ni sekunde 0.3, kwa hiyo amechelewa zaidi ya moja ya kumi ya kipigo, na hakuna aliyekosea. Tulimsogeza kando ya besi kubwa, tukamzungushia ukuta wa plastiki, na fidla tukawaambia wafuate kijiti, wasifuate masikio.

La haraka kuhusu ala zinazohamisha sauti, yaani nota unayoandika siyo inayosikika: klarineti ya B bapa ukitaka C isikike, andika D, horni ya F, andika G. Mimi mpiga horni nilisahau kwenye karatasi za horni. Tuliachie hapo.

Wimbo ukiwa wa watu wengine, omba ruhusa ya kuupanga upya kwa mchapishaji wake mapema; leseni ya ukumbi inahusu kupiga tu, haihusu kupanga.

Baada ya mazoezi ya mwisho kusanya karatasi zote, zipige picha moja moja kabla ya onyesho. Alama za penseli ndiyo skoa halisi, na unakumbuka iliyopotea mwaka 1970. Nilipokuwa nazipiga za kwetu nikafika kwenye ya timpani. Juu ya baa ya 23, kwa mwandiko wa mzee asiyecheka, kulikuwa na paka mdogo amechorwa ameketi kitini.