Siku nne kwa miguu kisiwani Idjwi, wewe na mwenzako

Idjwi iko katikati ya ziwa Kivu, mashariki mwa Kongo, Goma kaskazini, Bukavu kusini. Maji ya ziwa yako kwenye mita 1,460 hivi na migongo ya kisiwa hupita mita 2,000, kwa hiyo mtapanda na kushuka kutwa. Msipange kilomita kama za kwenye lami: 12 hadi 15 kwa siku zinatosha. Muda bora ni Juni hadi Agosti. Mvua zikianza Septemba, udongo mwekundu huteleza kama sabuni, na mteremko huumiza magoti kuliko mpando. Kateni fimbo, kila mtu yake.

Sehemu ya hatari kuliko zote ni boti. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti iliyojazwa kupita kiasi, ikitoka Minova, ilizama karibu na bandari ya Kituku, Goma, na watu wengi wakafa. Vukeni asubuhi, kabla upepo haujaamka. Kila mtu avae jile (jaketi la kuokoa maisha) na kuifunga, kisha mwenzake aivute juu mabegani: ikipanda hadi masikioni, haitamshika ndani ya maji, aombe nyingine. Mkiona maji yamekaribia ukingo wa boti, shukeni, hata kama mmeshalipa. Na tangu waasi wa M23 wachukue Goma na Bukavu mwanzoni mwa 2025, habari ya njia iliyo ya mwezi jana haifai kitu: ulizeni bandarini siku mbili kabla, mkaulize tena asubuhi ya safari.

Mzigo usizidi kilo 10 kwa mtu. Mmoja abebe hema, mwingine sufuria, chakula na dawa. Lakini kitambulisho, koti la mvua, tochi, maji na nusu ya pesa kila mtu akae navyo mwenyewe. Mkipotezana kwa muda wa saa tatu, asibaki mmoja na vyote. Chakula hupungua na hema halipungui, hivyo gawanyeni mzigo upya kila jioni. Pesa ziwe faranga za noti ndogo. Dola iliyochanika hata kidogo wataikataa.

Maji: lita 3 kwa mtu kwa siku. Kipindupindu hakijaondoka kwenye mwambao wa Kivu, kwa hiyo msinywe ya ziwa wala ya kijito bila kuyachemsha. Huku juu maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100. Yakishaanza kutokota, yaacheni dakika 3. Chemsheni jioni ili yapoe usiku. Bebeni chandarua pia, malaria ipo.

Viatu vipya vinaharibu safari nyingi. Vaeni vilivyokwisha kuzoea mguu, soksi jozi mbili, moja ikianikwa juu ya mkoba. Mkihisi joto sehemu moja ya kisigino, simameni papo hapo mbandike sparadra (plasta). Mkingoja malengelenge yatoke, kesho mmoja wenu anachechemea na wote wawili mmechelewa.

Aliye mzito atangulie. Mwenye mbio akikaa mbele, yule wa nyuma hapumziki kamwe, maana kila anapomfikia mwenzake, mwenzake ndiyo anaondoka. Kila njia panda mngojane. Ondokeni saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana muwe mmefika, kwa kuwa radi hupenda alasiri na saa kumi na mbili jioni giza huingia ghafla.

Mkifika kijijini, kwanza kwa kapita, mkuu wa kijiji. Mwamkieni, semeni mmetoka wapi na mnalala siku ngapi, ndipo muombe pa kusimamisha hema. Kumlipa mama wa nyumba awapikie bugali (ugali), sombe (majani ya muhogo) na sambaza (dagaa wa ziwa) ni bora kuliko kubeba jiko. Kubalianeni bei kabla ya moto kuwashwa. Mananasi yako mengi.

Mwambao wa mashariki simu huweza kukamata mtandao wa Rwanda na kula salio: zimeni data, mchague mtandao kwa mkono.

Kwa kurudi, wekeni siku moja ya akiba na nauli yake. Ziwa likichafuka hakuna boti ya kukimbilia kazini.