Bustani ya miti chuoni: ficheni majembe kwanza

Wanafunzi wa kilimo hapa Lubumbashi wakiniuliza waanzie wapi bustani ya miti, huwaambia waweke majembe pembeni. Eneo mlilopewa tayari lina miti. Visiki vilivyokatwa kwa ajili ya makala (mkaa) vingi havijafa. Miti ya hapa kama mutondo na muputu huchipua tena. Kwenye kila kisiki bakizeni machipukizi mawili yaliyonyooka, mengine mkate. Mzizi wa namna hiyo hakuna kitalu kitakachowauzia.

Tembeeni humo na mama muuza makala. Yeye anaitambua miti hata ikiwa haina jani. Jina la kisayansi mtalithibitisha baadaye kwenye hebariamu, mahali panapohifadhiwa mimea iliyokaushwa. Kila mti upewe namba yake, na ukifa namba isirithiwe. Daftarini andikeni mbegu ilitoka wapi, nani aliichuma, ilipandwa lini. Kibao cha namba kiwe cha alumini, kining'inie kwa waya uliolegea, maana mti hunenepa na kumeza msumari.

Vichuguu msivisawazishe! Udongo wake si sawa na huu mwekundu unaouzunguka, na miti inayoota juu yake ni mingine kabisa. Vichoreni kwenye ramani, njia zivizunguke. Wafyatua matofali watakuja kuviomba. Wakatalieni kwa adabu.

Kwenye kitalu ndipo wengi hukwama. Muputu, mutondo na musuku huishi kwa kushirikiana na uyoga mizizini. Mbegu ikioteshwa kwenye udongo wa barabarani, mche hudumaa. Nenda chini ya mti mama, ondoa majani makavu, chota udongo wa juu wenye nyuzi nyeupe nyembamba zilizoshika vijizizi, kisha changanya konzi moja katika kila kifuko. Mukula na mulombwa hawadai hayo. Vifuko viwe virefu, kwa kuwa mzizi mkuu hushuka kabla shina halijapanda. Kifuko kifupi huukunja, na mzizi uliokunjwa haunyooki tena. Mbegu za muputu ziotesheni mara tu maganda yanapopasuka mwisho wa kiangazi. Musizitunze kabatini.

Pandeni mvua zikishashika, mwezi wa 11 au wa 12. Kila aina iwe na miche mitatu au zaidi, kutoka miti mama tofauti. Mulombwa ukikauka shina kiangazi cha kwanza, hata cha pili, msiung'oe; mzizi uko hai na utachipua.

Kisha moto. Palilieni ukanda mtupu kuzunguka eneo lote, na nyasi za nje ya ukanda zichomwe mapema, mwezi wa 5 au wa 6, zikiwa bado na ubichi. Moto wa mwezi wa 9 unaweza kuua hata mti mkubwa.

Wakubwa watauliza kuhusu hadhi ya kimataifa. ArbNet, mpango unaoendeshwa na Morton Arboretum ya Marekani, huanza kuitambua bustani ikiwa na aina 25 za miti na kuendelea. Misitu yetu ya miombo inazo bila kuagiza mkaratusi hata mmoja. Pia watataka bango kubwa getini. Fedha hiyo mlipeni kwanza sentineli, yaani mlinzi, mshahara wa kiangazi kizima.