Jinsi ya kutafakari imani na maisha kwa kitabu, muvi au wimbo bila kuwinda "funzo"

Watu wengi wakiambiwa watafakari imani yao kupitia muvi au kitabu wanaanza kuwinda funzo. Muvi ikiisha tu mtu anauliza haya, tumejifunza nini, majibu yanakuja yale yale, tusameheane, tupendane, Mungu hamtupi mja wake, basi kila mtu anaenda kulala. Sasa hayo si ulikuwa unayajua hata kabla hujaianza? Mi funzo naliacha kabisa, naanza na pale nilipokwama, pale paliponikera au paliponivuta hata sijui kwa nini, maana hapo ndo kuna kitu changu mwenyewe.

Kwanza kuchagua. Usijibane na vitu vya dini peke yake. Nyimbo za injili, kaswida, vitabu vya maombi, vyote sawa, ila mara nyingi vinakupa jibu kabla hujauliza. Riwaya ya kawaida inaweza kukuingia zaidi. Chukua Things Fall Apart ya Chinua Achebe, ilitoka 1958, kwa Kiswahili inaitwa Shujaa Okonkwo. Mle kuna Nwoye, mtoto wa Okonkwo, wamisionari wanakuja wanaeleza mambo ya Utatu na kijana haelewi kitu, kinachomkamata ni wimbo, kwa sababu kuna swali lilikuwa linamsumbua siku zote kuhusu mapacha wanaotupwa porini na kuhusu Ikemefuna, kijana waliyekuwa wanaishi naye nyumbani kama kaka, aliyeuawa, na ule wimbo ukawa kama unalijibu. Ukifika hapo weka kitabu chini kidogo. Jiulize, mimi imani iliniingia kwa mlango gani, kwa hoja au kwa sauti ya watu wanaimba? Na kuna swali gani nimelibeba toka utotoni ambalo nyumbani halizungumzwi? Hili la pili gumu, usiliruke.

Andika papo hapo, daftari au simu, sentensi moja inatosha. Usiandike maoni, andika kilichotokea mwilini mwako: hapa nimekasirika, hapa nimetaka kuzima, hapa machozi yamekuja na sijui yametoka wapi. Maoni utayapata kesho, hasira ya leo kesho utakuwa umeshaipamba.

Muziki nao una ujanja wake. Melodi nzuri inaweza kukuliza hata maneno yakiwa hayana kitu, na hili si jambo la leo, Augustino, yule askofu wa zamani wa Afrika Kaskazini, kwenye kitabu chake cha Maungamo, karne ya 4 inaishia, analalamika kwamba kuna wakati anaguswa na sauti kuliko kile kinachoimbwa, anaona kabisa amekosea, anafika mahali anatamani asingemsikia mwimbaji, halafu bado anakubali kwamba kuimba kanisani kuna faida. Kwa hiyo fanya hivi: sikiliza wimbo wote ukiwa umekaa tu, huoshi vyombo hujibu meseji, halafu tafuta maneno yake uyasome bila muziki, kwa sauti. Yakibaki na nguvu, kaa nayo. Yakipooza ujue ulichokipenda ni kinanda, na si dhambi kupenda kinanda, ila usikiite imani.

Baada ya hapo, na nasisitiza baada, tafuta stori ya nyuma ya wimbo. Mfano Amazing Grace. Wengi wanajua aliyeuandika, John Newton, alikuwa nahodha wa meli za watumwa akaokoka, na wanaishia hapo kwa sababu hapo panapendeza. Ukweli haujanyooka hivyo. Alimlilia Mungu kwenye dhoruba baharini mwaka 1748, lakini baada ya hapo akaendelea kusafirisha watumwa, akaacha ubaharia 1754. Wimbo ukachapishwa 1779, na kile kijitabu chake cha kuilaani biashara ile kimekuja 1788, miaka 40 baada ya dhoruba! Mtu anasali, anasoma Biblia, na chini ya sakafu kuna watu wamefungwa minyororo. Sasa usikimbilie kumhukumu, hiyo rahisi sana. Kaa na swali linalouma: kwangu mimi, imani imeingia vyumba vingapi, na kipi nimekifunga kwa sababu ndo kinanipa hela au heshima?

Kama kazi moja ipo kwenye kitabu na kwenye muvi, una bahati, linganisha mwisho. Silence ya Shusaku Endo ni riwaya ya 1966 kuhusu padri Mreno huko Japani anayelazimishwa kukanyaga sura ya Kristo ili kuonyesha ameikana imani, na Martin Scorsese akaitolea muvi 2016. Kwenye muvi (samahani kama hujaitazama) padri akishakufa tunaonyeshwa kasalaba kadogo mikononi mwake. Kitabuni hicho hakipo. Usianze kubishana nani kapatia, jiulize wewe ulitaka kukaona kale kasalaba au ulichukia kukaona, na kwa nini unahitaji kuhakikishiwa, au hauhitaji.

Ukikosa pa kuanzia kwenye kuandika, mshairi wa Al-Inkishafi, utenzi wa zamani wa Kiswahili, Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, alishatuonyesha. Anautazama utajiri wa Pate, mji wa kisiwani huko Lamu, ulivyokwisha, majumba matupu, wenye nyumba wako makaburini, lakini hahubirii jirani, anauambia moyo wake mwenyewe, anaukaripia kabisa, mbona huzinduki? Jaribu hiyo. Andika nusu ukurasa ukiuambia moyo wako "wewe", kuhusu hicho ulichokisoma au kukitazama. Utaona aibu mistari ya mwanzo, endelea.

Ukiwa na kikundi, msiwe wengi, na mwanzo kila mtu ataje sehemu moja aliyokwama, hakuna kumjibu wala kumrekebisha mpaka wote wamalize. Yule mwenye jibu la kila kitu (kila kikundi anaye) mpeni nafasi ya mwisho. Maandiko yaleteni hapo baadaye, msiyatumie kuziba mdomo wa mtu aliyesema "hapa nimeona Mungu yuko kimya".

Na sio kila muvi ya kutafakari jamani, nyingine ni ya kucheka tu. Ikikuletea picha zinazokunyima usingizi, zima, huna deni. Kitabu kikikataa kufunguka, andika tarehe na ukurasa uliofikia, kirudishe kwenye shelfu, chukua kingine, mwakani ukikumbuka utakijaribu tena.