Kabla hujasimamisha ngazi, tazama juu

Fundi akifika kazini na ngazi begani, macho yake hukimbilia chini: ardhi imelingana, miguu ya ngazi ina raba, pana utelezi? Ni sawa kabisa. Tatizo ni kwamba vya juu huangaliwa mtu akiwa ameshapanda.

Laza ngazi kwanza. Zunguka eneo lote ukiwa umeinua kidevu hasa, maana ukingo wa kofia ngumu huziba macho kwa juu.

Nyaya za umeme ndizo ninazoziogopa kuliko vyote. Zile za msongo mkubwa hazisubiri uziguse. Ukizikaribia, umeme huruka hewani ukakufikia. Kaa mbali nazo zaidi ya mita 3, na msongo ukizidi, umbali uzidi pia. Umbali huo usiupime kutoka uliposimama. Upime kutoka ncha ya ngazi ikiwa imerefushwa yote, ongeza mkono wako na bomba au fimbo ya rangi uliyoshika, kisha fikiria itakapoangukia ikiyumba. Mtu anaweza kunaswa akiwa bado anaisimamisha, hajakanyaga kipandio hata kimoja. Waya uliovikwa plastiki nao usiuamini: mara nyingine ganda lile ni la kuukinga na jua na mvua tu.

Alumini hupitisha umeme, na mbao iliyolowa pia. Faibaglasi husaidia ikiwa safi na kavu, lakini haikupi ruhusa ya kusogelea waya.

Ndani ya jengo, zima feni na kreni ya darini, funga swichi kwa kufuli, ufunguo ukae mfukoni mwako mwenyewe. Boriti ya dari iliyo chini mno huonekana jambo dogo, hadi kichwa kiigonge: mtu hushtuka, hujirusha nyuma, mikono huachia.

Ngazi ya kuegemeza hukaa mita 1 kutoka ukutani kwa kila mita 4 za kwenda juu. Kitu cha juu kikikulazimisha kusogeza miguu yake karibu na ukuta, hapo si mahali pa ngazi, tafuta jukwaa.

Kabla hujapanda, kubalianeni na msaidizi wako nani atakata umeme, swichi kuu iko wapi, na namba gani ya kupiga. Mwambie waziwazi, hata kama ni ndugu yako: nikinaswa, usinishike wala usiguse ngazi mpaka umeme uwe umekatwa.